Landrover 109 ya mzee, mwaka wa sita sasa iko kwenye mawe: niweke injini ya Hiace au niache ilivyo?

Kisukuku109:
Wakuu habari za jioni. Nina Landrover 109 Series III ya 1978, petroli, ya marehemu mzee. Aliipata mnadani, akabebea mpunga kutoka Ifakara mpaka ikachoka, ikalala nyuma ya nyumba miaka kumi na kitu mama akawa anaanikia ufuta kwenye boneti. Mimi nikaianza 2019 nikasema miezi sita nimemaliza. Leo 2025 bado iko kwenye mawe.

Sio kwamba sifanyi. Kila nikigusa kitu kimoja vinazaliwa vitatu. Nilitaka kubadilisha kipande cha bati pale dereva anapoweka miguu, basi, nikavua nikakuta ule ukuta wa mbele wote chini umeoza, nikauchomelea, wakati wa kuurudisha nikakuta mkono wa chasisi unaoushikilia umekatika, kugonga chasisi na nyundo ikatoa vumbi jekundu kama pilipili. Chasisi peke yake imekula mwaka na nusu, na hela ambayo wife akiiona humu tutaachana. Halafu akaja fundi umeme akang'oa waya zote za zamani akafunga mpya, zote NYEKUNDU. Zote. Nikiwasha indiketa ya kushoto inawaka taa ya breki.

Sasa ishu ni injini. Ile 2.25 yake ipo, inawaka kwa kusukuma na inakula mafuta balaa. Kuna jamaa ana 3L ya Hiace, injini ya dizeli, ananipa bei ya kishkaji. Niiweke au nifanye ovaholi ya mwenyewe? Na breki nimetoa hewa mara kumi, masta silinda mpya kabisa, pedali bado inazama mpaka chini. Ushauri tafadhali, matusi napokea ila machache.

SpanaMkononi:
Uza hiyo kitu mkuu ununue IST

Kisukuku109:
Nilijua wa kwanza atakuwa wewe 😂

Mzee wa Gerezani:
Kijana wangu pole. Tuanze na breki maana hizo ndio zitakuua, injini haijawahi kuua mtu.

109 ina ngoma za breki za inchi 11 na mbele kila gurudumu lina wili silinda mbili, zile zinazosukuma shuu (viatu vya breki) zibane ngoma. Kama shuu ziko mbali na ngoma, mafuta yote ya masta yanaishia kusogeza shuu tu, pedali inazama, na wewe unadhani ni hewa. Nyuma ya kila sahani ya breki kuna boliti za kurekebishia, zungusha mpaka gurudumu ligome kabisa kuzunguka, fanya hivyo magurudumu yote manne, NDIPO utoe hewa, uanze na lile lililo mbali na masta. Ukimaliza legeza kidogo kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru. Boliti zitakuwa zimeganda, paka oili ya kupenyeza leo jioni uzifungue kesho, usilazimishe kwa bomba utazikata utakuja kulia humu tena.

Injini ya Hiace inakaa, nimeziona nyingi. Lakini fanya hesabu vizuri. Inahitaji sahani ya kuunganisha na giaboksi ya Landrover, ikichongwa na mtu wa lathe asiye makini ikakaa pembeni hata kidogo sana basi bearingi ya shafti ya kuingilia inaliwa na unaanza kununua giaboksi. Ukishaweka utataka mikono mipya ya injini, rejeta, sailensa mpya, bomba la mafuta la kurudi kwenye tenki, na namba ya injini ibadilishwe kwenye kadi. Halafu baada ya yote hayo gari bado ina difu za 4.7, yaani shafti inazunguka mara 4.7 tairi likizunguka mara moja, ukifika 80 injini inapiga kelele na hakuna gia nyingine. Watu watakwambia weka difu za 3.54 za Range Rover, mbele zinaingia sawa, nyuma 109 ina difu aina ya Salisbury, hiyo ni mnyama mwingine, ya Range haiingii. Kwa hiyo mwisho wake umebadilisha gari zima na bado hujatoka getini.

Ile 2.25 ni injini ngumu na rahisi. Pima kompresheni kwanza kabla hujaihukumu. Mara nyingi ni pointi na kondensa (vya kutoa moto wa plagi) na kabureta chafu.

504_ya_Guka:
Wazee sasa. Mimi niko Nairobi na nina Peugeot 504 stesheni wagon, zile ziliundwa hapa kwetu Mombasa, na naskia huyu jamaa wa Landrover mpaka roho inauma juu ni story yangu. Mimi nilianza na kitu ndogo sana, siti. Siti tu! Sahii nimefanya suspension yote, rangi mara mbili, nikaweka altaneta kubwa juu nilikuwa nataka AC, AC sijawahi weka mpaka wa leo. Guka, yaani babu, alikuwa anasema 504 ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, sasa mimi kila wikendi najiambia gari iliyoshinda Safari haiwezi shindwa na mimi, kumbe mimi ndio nashindwa na yeye.

Mahali nilikosea ni kuvua kila kitu siku moja. Boliti zote kwa ndoo moja. Ndoo MOJA jameni. Saa hii nikienda Kirinyaga Road kutafuta spea naulizwa inaenda wapi, nasema sijui ilitoka wapi.

Binti wa Chumbageni:
Kisukuku, kwenye bodi usiwe na haraka kaka yangu. Bodi ya hiyo gari ni aluminiamu lakini inafungwa kwenye chuma, na vikigusana vikipata unyevu aluminiamu inageuka unga mweupe. Huku Tanga na chumvi ya bahari ndio usiseme, milango inaliwa kwa chini ukiwa unaitazama. Weka mpira au rangi nzito kila panapogusana, na mtu asikuletee mashine ya kuchomelea ya kawaida kwenye bati hilo, atalitoboa, tumia ribiti. Ndani ya chasisi nyunyiza oili, sio nje tu, inaozea kwa ndani.

Na waya zako nyekundu 😅 nunua hata masking tepu uandike kila waya. Za kiwandani zilikuwa na maana yake: kahawia umeme wa moja kwa moja wa betri, nyeupe ya swichi, kijani vitu vya baada ya swichi vyenye fyuzi, bluu taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi ardhi, ile inayofungwa kwenye chuma cha gari. Indiketa kuwasha taa ya breki kuna uwezekano mkubwa ni ardhi mbovu tu huko nyuma, kwangua rangi pale inapofungiwa ufike kwenye chuma.

Kisukuku109:
Wakuu narudi baada ya wiki mbili. Mzee wa Gerezani Mungu akupe maisha marefu, boliti mbili ziligoma nikapaka oili siku tatu kama ulivyosema, nikakaza, nikatoa hewa, pedali ikasimama juu kama jiwe. Binti wa Chumbageni ilikuwa ardhi kweli. 3L nimemwambia jamaa asubiri kwanza. Plagi mpya, pointi mpya, nikasafisha kabureta, ikawaka kwa ufunguo, mama akatoka nje na kanga moja kaniuliza nani kaja.

Nimeiendesha mpaka kwa mjumbe na kurudi. Kama mita mia nne. Shida ni stelingi, nazungusha robo nzima ndio tairi zinasikia, nadhani ni kile kisilinda kilichosimama mbele kwenye chasisi nyuma ya grili. Kesho Jumapili nataka nikifungue nione kuna nini ndani

Mzee wa Gerezani:
USIFUNGUE. Ndani kuna springi nene imebanwa, ikichomoka inakutoboa uso. Niambie kwanza boli joint zinacheza au hazichezi. Na mtu asiitingishe hiyo gari mpaka nijibu, naenda msibani narudi saa kumi.