Mwaka mzima wa fildi ya saikolojia Arusha, sijasimamiwa hata saa moja

Wakuu salaam,

Nimelikalia hili tangu mwezi wa sita, leo linatoka. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za "natafuta nafasi ya fildi" (mafunzo ya vitendo kazini), maana mimi nafasi niliipata. Shida ni nilichokikuta huko.

Nasoma digrii ya saikolojia. Nilipomaliza mwaka wa pili niliahirisha mwaka wa tatu kwa hiari yangu, mkuu wa idara akakubali kwa barua kwamba mwaka huo utahesabika kama fildi, nikaripoti kituo kimoja cha ushauri nasaha upande wa Njiro. Jina silitaji, na mnaokijua msikitaje humu. Kwa nini mwaka mzima? Kwa sababu fildi yetu ni wiki nane, na wiki nane zinaisha kabla hujamwona mteja mmoja akirudi mara ya tatu. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anasoma saikolojia Uingereza. Kule kuna digrii za miaka minne ambazo mwaka wa tatu wote mwanafunzi yuko kazini, hospitalini au shuleni, halafu anarudi kumalizia. Upande wa England ada ya mwaka huo wa kazini hairuhusiwi kuzidi asilimia 20 ya ada kamili. Hata kwao nafasi nyingi za saikolojia hazina mshahara, aliniambia mapema. Lakini kila wiki alikaa na mwanasaikolojia wake saa nzima wakipitia kila mtu aliyemwona. Hiyo saa ndiyo niliyoifuata. Hela sikuifuata.

Na hela kweli haikuwepo. Ukiahirisha mwaka bumu (hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi) linakatika, kwa hiyo chumba cha Sakina amelipa baba miezi yote kumi na miwili, na nauli ya vifodi, viwili asubuhi viwili jioni, imetoka kwa mama anayeuza ndizi soko la Mwika. Siku ya kwanza tu kituo kikaniambia kuna ada ya fildi, shilingi 150,000, taslimu, risiti hakuna. Nikatoa.

Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa mtu wa fotokopi. Mashine ya ofisi ilikuwa mbovu, kwa hiyo natumwa steshenari ng'ambo ya barabara na fomu za wateja. Fomu zina majina, namba za simu na majibu yao yote. Kijana wa steshenari anageuza karatasi moja moja huku anasoma, na siku moja akaniuliza, "Huyu si yule mama wa pale mgahawani?" Nilirudi natetemeka. Nikamweleza msimamizi kwamba tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na habari za afya ya mtu zinahesabika kuwa nyeti. Akanijibu, "Dogo, umekuja kujifunza au kutufundisha?" Kesho yake nikatumwa tena, steshenari ile ile.

Mwezi wa nne wangu pale wakaniingiza chumbani peke yangu. Sikuwahi kukaa pembeni nimwangalie mwenye uzoefu hata mara moja. Nilipewa rundo la PHQ-9 nikaambiwa nenda kawahoji. Kwa wasioijua, ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, ya kupimia sonona. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Linakuja la usingizi, la hamu ya kula, la uchovu. La tisa linauliza kama umewaza kwamba afadhali ufe, au ujidhuru. Swali hilo huliulizi kama huna pa kukimbilia jibu likiwa ndiyo. Mwanafunzi wa uuguzi hashiki sindano siku ya kwanza bila mkubwa wake pembeni. Sisi kwa nini? Kichwa cha mtu ndiyo cha kujaribia?

Mwezi wa sita, kwenye baridi ile ya Arusha mnayoijua, akaja mama mmoja (nimebadilisha baadhi ya mambo asitambulike). Alijitanda kanga mbili juu ya sweta. Maswali nane aliyajibu haraka haraka, kama anataka tumalize aondoke. La tisa akanyamaza. Akawa anakunja ncha ya kanga, anaikunjua, anaikunja tena, halafu bila kuniangalia akasema, "Karibu kila siku, mwanangu."

Nikampigia msimamizi, hapatikani. Nikapiga tena na tena. Mapokezi wakaniambia andika kwenye fomu, mpangie Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Jumla yake ilikuwa 22. Sikumpangia Alhamisi. Nilimuuliza nyumbani kuna nani, akamtaja mdogo wake, tukampigia pamoja kwa ridhaa yake. Akaja na bodaboda kutoka Kijenge, tukaenda hospitali wote watatu, na sikuondoka kwenye lile benchi mpaka daktari alipompokea, saa mbili usiku. Yuko hai. Mdogo wake alinitumia ujumbe mwezi uliopita, anasema dada anaendelea na matibabu na ameanza kwenda shambani. Ningewatii mapokezi je?

Jumatatu nikaitwa ofisini. Nilikuwa sijalala siku tatu, nikajua sasa nitakalishwa tuzungumze lile jambo, maana usimamizi ni huo. Nikakabidhiwa barua ya onyo: nimetoka kituoni na mteja bila kibali.

Sasa logibuku, daftari la kumbukumbu za fildi ninalotakiwa kuliwasilisha chuoni. Kila wiki ina nafasi ya saa za usimamizi, mliyojadili na saini. Juzi msimamizi amesaini wiki zote 48 kwa mpigo, kalamu moja ya bluu, simu kaibana kati ya sikio na bega. Kila mstari "saa 1, maendeleo mazuri". Amesaini mpaka wiki ya Krismasi, kituo kimefungwa na mimi niko Mwika kwa bibi. Msimamizi wa chuo alikuja mara moja mwaka mzima, akakaa robo saa, akaangalia kama muhuri upo, akaondoka. Hakuniuliza hata nimewaona watu wangapi.

Mwisho wa kuwasilisha ni Ijumaa hii. Nikiipeleka ilivyo, nakuwa nimethibitisha kwa saini yangu kwamba nilisimamiwa saa 48, na mwakani wanapelekwa wadogo zetu pale pale, waachwe peke yao na swali la tisa. Nisipoipeleka, jasho la baba na ndizi za mama za mwaka mzima zimekwenda. Sehemu ya saini ya mwanafunzi bado iko wazi.

Aliyewahi kugoma kuwasilisha logibuku ya uongo, chuo kilimfanya nini? Na walimu wa saikolojia mliomo humu, hizi logibuku nani anazisoma? Naomba jibu kabla ya Ijumaa.