Mafuta ya kondoo "asilia 100%" yamenifanya mweupe, ni salama kweli?

Binti_wa_Temeke: Wakuu habari zenu. Nimenunua mtandaoni kopo la mafuta ya mkia wa kondoo, elfu 25. Lebo ina picha ya kondoo na "asilia 100%", basi. Hakuna jina la mtengenezaji wala tarehe. Ngozi imelainika kweli, chunusi zimekauka, ila uso umeanza kuwa mweupe, na nikiruka siku moja unawaka moto na kuwasha. Halafu hayanuki kondoo hata kidogo. Muuzaji anasema ndivyo mafuta safi yalivyo. Nishaurini.

Mkorofi: Huo ni mkorogo uliovaa ngozi ya kondoo.

Mfamasia_Mstaafu: Mkorofi leo kasema kweli. Mafuta ya mnyama yanalainisha kwa kuzuia maji yasipotee kwenye ngozi, kung'arisha hayawezi. Uso ukibadilika rangi haraka namna hiyo, shuku wametia kemikali za kung'arisha ngozi: steroidi, haidrokwinoni au zebaki. Huko kuwaka ukiruka siku kunanipeleka zaidi kwenye steroidi. Usipake tena, na usikimbilie krimu nyingine ya dukani. Beba hilo kopo uende nalo kliniki ya ngozi. Kama una mimba au unanyonyesha, mwambie daktari mapema, maana zebaki haimwachi mtoto salama. Malalamiko peleka TBS (Shirika la Viwango), ndio wanaosimamia vipodozi tangu 2019 walipovichukua kutoka TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa).

Mama_Sabuni_Dom: Mimi natengeneza haya mafuta. Mdogo wangu, kutonuka peke yake si kosa. Unayeyusha kwa moto mdogo na maji na chumvi, unachuja kwa kitambaa, unaacha yagande juu ya maji, kisha unageuza lile gando na kukwangua kwa kisu utando wa kahawia ulioshika chini. Ukirudia, harufu inabaki kwa mbali sana. Ya figo ya ng'ombe hutoka magumu, huyeyuka kwenye nyuzi 40 na ushee, joto la Dar haliyawezi. Ya mkia wa kondoo ni laini zaidi. Kuchanganya na nazi ili yapakike si dhambi, mradi useme. Wizi ni kujazia mafuta ya mgando ya petroli: hayo ukiyapika na kostiki soda hayawi sabuni, ya mnyama yanakuwa (vaa glavu jamani). Na anayetia maji ya aloe vera bila kihifadhi anakuuzia ukungu. Vitamini E inachelewesha kuchacha tu, vijidudu haiwagusi.

Bi_Mkubwa: Na sisi tunaoswali? Tutajuaje kama si nguruwe, au kama si kibudu?

Mama_Sabuni_Dom: Shikamoo bibi. Kwa macho hutojua, hasa yakishachanganywa. Mimi naandika kwenye kopo mnyama gani, bucha gani na tarehe niliyoyeyusha, mteja akitaka anampigia mwenye bucha mwenyewe.

Bi_Mkubwa: Marahaba mwanangu. Hapo sawa.

Binti_wa_Temeke: Nimemuuliza muuzaji wangu ni bucha gani, kajibu "siri ya biashara". Kesho naenda kliniki. Dada, unatuma Dar?

Mama_Sabuni_Dom: Natuma kwa basi, ila wewe sikuuzii sasa. Daktari akisharuhusu kupaka kitu usoni, nitafute.