Niimarishe difu ya 8.8 au nihamie Ford inchi 9?

KasiTupu: Wakuu, habari zenu. Gari langu ni la kila siku, ila wikendi naingia nalo kwenye drag, mbio fupi za mstari ulionyooka. Nataka ekseli ya nyuma yenye nguvu zaidi. Je, niiimarishe 8.8 niliyonayo au ninunue inchi 9 (zote ni difu za Ford, zinaitwa kwa kipenyo cha krauni, ile gia kubwa ya ndani)? Kuna mtu ananiuzia nzima, anataka jibu Ijumaa.

ChumaKizito: Inchi 9. Unafungua nati, kichwa kizima, yaani sehemu ya kati yenye gia, kinatoka kwa mbele na krauni yake. Unaweza kuwa na kichwa kimoja cha barabarani na kingine cha mbio. Pinioni yake, gia ndogo inayozungusha krauni, ina beringi ya ziada kwenye ncha ya ndani. Kwenye 8.8 kubadilisha gia ni kulala chini ya gari na kuhangaika na shimu, vile vipande vyembamba vya kupangia gia.

MzeeWaGia: KasiTupu, gari gani? Giaboksi ya mkono au otomatiki? Tairi gani? Tairi likiteleza difu inapumua, likishika ndipo vyuma vinapopimwa.

BoltiKumi: Inchi 9 ni nzito, na pinioni imekaa chini sana, meno yanasuguana na kula nguvu. Tafuta 8.8 ya Explorer ya 1995 hadi 2001: shafti za meno 31 na breki za diski tayari. Chomelea mirija ya ekseli kwenye hausingi ya difu ili isizunguke, umemaliza.

KasiTupu: Samahani wakuu. Ni Mustang 1990, 5.0 yenye supachaja, giaboksi ya mkono, tairi za drag radial zinazoshika sana. Naachia klachi injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika. Difu ya kiwandani, shafti za meno 28.

MzeeWaGia: Ndugu yangu, acha kuondoka hivyo kuanzia leo. Nilikuwa na difu kama hiyo. Mbio ya tatu siku ile naachia klachi, nikasikia mlio mmoja mkavu, kama nondo imepigwa nyundo. Injini ikapaa, nyuma ikashuka upande wa kushoto. Kutazama kioo cha pembeni, naona tairi langu mwenyewe limechomoza nje ya fenda, limebeba dramu na kipande cha shafti kirefu kama mkono wangu. Nilisimama karibu kabisa na ukuta, mikono inatetemeka. Baadaye nikakishika kile kipande: kimekatikia meno yanapoanzia, chuma kimejisokota kama kamba. Shafti hizo zinazuiwa na klipu ya C ndani ya difu tu. Ikikatika, gurudumu linaondoka nayo.

BoltiKumi: Pole sana mzee. Ila ukiwa na diski, kalipa inalizuia.

MzeeWaGia: Sitaweka uhai wangu kwenye kalipa. NHRA, chama cha mbio za drag cha Marekani, wenyewe wanadai shafti zisizo za kiwandani na kizuizi cha shafti kwa gari la sekunde 10.99 au chini ya hapo kwenye robo maili, na kwa gari lolote lenye difu iliyofungwa, hata liwe la polepole.

DadaMwendo: Kuhusu difu iliyofungwa, usiweke spuli, inayofunga magurudumu yote mawili pamoja muda wote, kwenye gari la kila siku. Niliitoa baada ya miezi miwili, kila kona tairi linaburuzwa. Weka loka, inayofunga ukikanyaga na kuachia kwenye kona.

BoltiKumi: Loka nayo inagonga kwenye kona, dada. LSD ya klachi, difu inayopunguza tairi moja kuteleza kwa klachi ndogo za ndani, ni tulivu zaidi.

DadaMwendo: Na klachi zake zinaisha ukiondoka hivyo kila wikendi. Kugonga kwa loka nakuvumilia.

ChumaKizito: Mnamchanganya. KasiTupu, hiyo inchi 9 imetoka kwenye gari gani?

KasiTupu: Pikapu. Upana sijapima.

ChumaKizito: Basi punguza haraka. Ina viti vya springi za majani, ekseli ya gari lako inashikwa na mikono minne ya chuma. Utakata, utapunguza upana, utachomelea vishikio vipya. Mpe jibu baada ya kupima.

DadaMwendo: Na giaboksi bado ni T-5 ya kiwandani, ile ya gia tano? Ukishaimarisha nyuma, mzigo wote unahamia huko.

KasiTupu: Ndiyo, T-5. Gia ya tatu imeanza kulia tangu wiki iliyopita.