Hajui kununua samaki, au anajitia hamnazo?

Mwalimu wa Fuoni
Asalaam alaykum. Nna suali, na musinicheke.

Mimi na mume wangu sote twafanya kazi. Mimi nasomesha mkondo wa mchana, nafika nyumbani jua linazama. Yeye anatoka ofisini saa tisa na nusu, kwa hiyo tulikubaliana soko liwe lake. Basi kila nikimtuma ananiletea changu macho yamezama, matamvua rangi ya udongo, ukimbonyeza shimo linabaki. Nikilalamika: "Mimi hayo sikufunzwa, mke wangu, bingwa ni wewe." Nazi nayo alikuna moja tu tangu tuoane, akaparuza mpaka kifuu, tui likawa kama maji ya mtaroni. Nikamnyang'anya mbuzi mwenyewe. Mwaka wa sita huu, soko langu, nazi yangu.

Idi tumekwenda kwao Wete. Alfajiri naingia jikoni, namkuta kakalia mbuzi, kikoi kakikunja, nazi ya nne hiyo, sinia nyeupe kama pamba, anapiga soga na mama yake! Mama mkwe akaniambia kwa fahari, "Huyu tangu mdogo ndiye mkunaji wangu." Mwenzangu akainamisha kichwa, akaendelea kukuna. Kisha akapanda baiskeli kwenda diko, akarudi na kolekole anameta.

Sikusema kitu. Lakini tangu turudi Unguja roho haijatulia. Nimuulize, au nami nijitie sijaona?

Mtoto wa Jang'ombe
Shoga pole, ila nimecheka. Wangu mimi ananiita bingwa wa nepi. Siku hizi nikisifiwa tu, nauliza kwanza kuna kazi gani.

Baba Wawili
Mwanamme mimi, na ntasema kweli kwa kuwa hapa hamnijui. Mwaka wa kwanza wa ndoa niliunguza kanzu kwa pasi. Wallahi haikuwa kusudi. Mke wangu akaichukua pasi, nami nikanyamaza. Kanzu ya pili ndiyo niliiunguza kusudi.

Lakini nanyi! Wangu hajui kufunga regileta ya mtungi wa gesi, hunisubiri mpaka nirudi, watoto na njaa zao. Mwezi uliopita gesi iliisha mimi niko Dar wiki nzima. Nimerudi, mtungi mpya umefungwa, hauvuji hata kidogo.

Ustadhi wa Mtoni
Bi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani kwake. Akajibu kwamba alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani mwake kazi zao, na ukifika wakati wa sala akitoka kwenda kusali. Muulize faraghani, kwa upole, na mama yake usimtie humo.

Mwalimu wa Fuoni
Ahsante Ustadhi, ila hilo la mama sikuliweza. Baba Wawili, la gesi sikujibu.

Mama mkwe kaja jana kwa boti, goti linamsumbua. Leo asubuhi nikamwambia mume wangu, mama anasikia, "Mama ana hamu ya mchuzi wa samaki, nenda wewe." Karudi na changu wawili, matamvua mekundu, macho kama kioo. Mama akafunua kapu, akawabonyeza, akasema, "Wazuri hawa. Kumbe siku zote hununua nani hapa?"

Nilikuwa naosha mchele. Sikugeuka.