Gumzo la ukoo: Hamisi, tela tupu na I-80

Hamisi: Shikamooni wakubwa. Nimeshusha mzigo hapa Salt Lake City, dispacha, anayetupangia safari, anataka nivute tela tupu mpaka Cheyenne usiku huu. Jimbo la Wyoming, huku Marekani, sijawahi kupita majira ya baridi. Wanaoijua I-80, barabara kuu ya huko, naombeni mnielekeze.

Baba Neema: Marahaba mdogo wangu. Tupu? Hebu ngoja kwanza. Umeangalia upepo?

Hamisi: Theluji wanasema ni kidogo tu kaka.

Baba Neema: Nimekuuliza upepo. Kati ya Rawlins na Laramie, ukikaribia Elk Mountain na Arlington, unakupiga ubavuni. Tela lenye mzigo mzito linastahimili. Tupu linakuwa tanga la jahazi, linakulaza pamoja na kichwa cha lori. Ndiyo maana kuna siku magari mepesi yaliyo marefu kwenda juu yanazuiwa na yenye mzigo yanaruhusiwa.

Mjomba Saidi: Wenyeji waliwaonya wahandisi wasipitishe barabara pale, hawakusikilizwa. Kipande kile kilifunguliwa Oktoba 1970, na majira yaleyale ya baridi dhoruba zikakifunga. Barabara ya zamani, US 30, inazungukia kaskazini kupitia Medicine Bow. Walioipitisha huko waliijua hali ya pale.

Zawadi: Mjomba shikamoo. Tusimtie kijana hofu lakini. Mimi baridi ndiyo msimu wangu. Wengi wanakimbilia kusini, huku juu kazi inabaki kwetu, na anayeendesha taratibu anafika.

Mjomba Saidi: Marahaba mwanangu. Mimi ni mmoja wa waliokimbilia kusini na sijuti. Niliomba njia za joto, hela ikapungua, usingizi ukarudi. Kila mtu na moyo wake.

Zawadi: Hapo sibishi. Hamisi, shika hili: baridi kali yenyewe siyo inayoua. Ikifika -20 za Selsiasi barafu inakuwa kavu, tairi linashika kidogo. Iogope sifuri. Pale barafu ina utando wa maji juu yake, na hakuna kinachoteleza kama hicho.

Hamisi: Usiku nitajuaje kama lami imelowa tu au imeganda?

Zawadi: Tazama matairi ya gari la mbele yako. Yakirusha maji, ni maji. Yakiacha kurusha na lami bado inang'aa, imeganda. Hapo ondoa mguu kwenye mafuta polepole, zima breki ya injini, usiendeshe kwa kruzi, ile inayoshika mwendo yenyewe. Madaraja yanaganda mapema kuliko barabara, baridi inayapata juu na chini.

Baba Neema: Na breki za tela. Ukiegesha zikiwa na maji, zinagandia kwenye ngoma. Asubuhi unaondoka, kichwa kinakwenda, magurudumu ya nyuma hayazunguki, yanaburuzwa mpaka tairi linakwisha upande mmoja. Kabla hujasimama kanyaga kidogokidogo zikauke. Matangi ya upepo wa breki yatoe maji kila siku. Cheni za matairi unazo?

Hamisi: Ninazo kaka.

Baba Neema: Vizuri. Wakikushusha Colorado, I-70 kati ya Dotsero na Morrison lazima uwe nazo garini kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei, hata jua likiwaka.

Mama Neema: Shemeji, hawa wanaongelea gari tu. Wewe je? Blanketi, glavu za akiba, maji na chakula viwe ndani ya kabini, siyo kwenye sanduku la nje. Na ukikwama theluji ikaziba bomba la moshi, moshi unarudi ndani. Ndani yake mna gesi ya sumu isiyo na harufu, mtu analala haamki. Toka ufukue kabla hujawasha injini. Weka king'ora cha gesi karibu na kitanda, nakuomba sana.

Hamisi: Nimekusikia shemeji. Sasa dispacha anasema nisipofika alfajiri mzigo wa Cheyenne anapewa mwingine.

Baba Neema: Apewe. Kanuni ya serikali kuu, 392.14, inasema hali ikiwa ya hatari vya kutosha, gari lisimame mpaka iwe salama. Anayeamua ni aliyeshika usukani. Mwandikie, usimpigie, ili maneno yabaki. Na usidanganywe na zile saa 2 za kuendesha zinazoongezwa kwa hali mbaya ya hewa. Ni za dhoruba ambayo hukuijua kabla ya kuondoka. Hii unaijua.

Hamisi: Nimefungua tovuti ya barabara za Wyoming. Rawlins mpaka Laramie wamezuia magari marefu mepesi.

Mjomba Saidi: Basi hakuna safari.

Hamisi: Nimemwandikia. Amejibu "sawa", mzigo anampa mwingine.

Mama Neema: Alhamdulillah.

Zawadi: Hamisi, mara ya mwisho ulijaza dizeli wapi?

Hamisi: Phoenix, dada.

Zawadi: Hiyo ni ya nchi ya joto, haijachanganywa na namba 1, dizeli nyepesi ya baridi. Ikipoa sana nta yake inajitokeza, inaziba filta, gari haliwaki. Weka dawa ya kuzuia kuganda sasa hivi, kisha jaza mafuta ya hapo ulipo juu yake ili ichanganyike. Dizeli ikishaganda dawa hiyo haisaidii.

Hamisi: Naelekea pampu. Filta ya akiba ninayo moja, inatosha?

Zawadi: Nunua ya pili.