Tupeane uzoefu: mzazi akiwa makao ya wazee, ulijuaje yuko salama?

KitindaMimba: Wadau, salaam. Mamangu ana miaka 81, anasahau sana siku hizi. Mara mbili amefungua gesi akaenda kulala. Tuko watatu, wote kazini, na msichana wa nne wa nyumbani ameondoka mwezi uliopita. Watakaosema namtupa mzazi nishawasikia huko Murang'a, hapa nawaruka. Namtaka aliyempeleka mtu wake makao ya wazee hapa Nairobi au pembeni, Rongai, Ruiru, Karen huko. Nimezungukia matatu. Yote yana sofa safi na chai ya tangawizi. Wewe uliangalia nini?

BabaTatu: Hiyo sofa ndiyo ilinidanganya. Mzee wangu alipatwa na kiharusi, hawezi kujigeuza. Wakatuahidi kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, na kweli juu ya kitanda kulibandikwa karatasi yenye saa na sahihi. Nilikuwa napita Jumapili mchana, naona mambo shwari. Siku moja nimechelewa kazini, nikabisha saa nne usiku. Mlinzi akanizungusha langoni karibu robo saa. Kuingia, nasoma ile karatasi: imesainiwa hadi saa kumi na mbili asubuhi. Asubuhi ambayo haijafika! Nikamgeuza mwenyewe. Chini ya mgongo, karibu na makalio, kuna kidonda kinaingia kidole. Mzee hakulalamika, aliniuliza tu kama nimekula.

zamu_ya_usiku: Pole sana ndugu. Sikufanya kazi hapo kwenu, lakini hiyo karatasi naijua. Sisi tulikuwa wawili usiku kwa wazee 23. Wanane hawajigeuzi, kila mmoja anataka watu wawili na kama dakika kumi ukijumlisha nepi. Raundi moja imekula saa moja na dakika ishirini, na hapo hujampeleka yeyote chooni, na hakuna aliyeanguka. Basi tunajaza mapema. Sijitetei. Dada KitindaMimba, usimuulize meneja ana wafanyakazi wangapi, atakuhesabia mpishi na wa bustani. Uliza usiku wa jana walikuwa kina nani.

MamaKayole: Ingia chooni. Shika kile chuma cha ukutani cha kujishikilia, uvute na uzito wako wote. Kwetu kilibaki mkononi 😂 Meneja akasema fundi anakuja kesho.

MkenyaLeeds: Mimi ndiyo kazi yangu huku. Kwa England kuna tume inaitwa CQC, wakaguzi wake aghalabu huja bila taarifa, na ripoti inawekwa mtandaoni hata jirani aisome. Kabla sijamwingiza bibi kwenye maji ya kuoga lazima nipime joto na kuandika, lisizidi nyuzi 44, maana ngozi ya mzee inaungua haraka na mwenye kusahau anaweza asiseme kitu. Lakini msidhani huku ni peponi. Karatasi za kujazwa mapema nimeziona huku pia.

Mtu_wa_Umoja: Kwetu sheria ipo. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na familia yake na serikali. Mkono wa serikali wengi wetu tunauona kwenye Inua Jamii, zile pesa za wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo nepi peke yake inazimaliza. Kwa hivyo kagua mwenyewe. Itisha usajili, vyeti vya afya vya wapishi, cheti cha moto cha kaunti. Halafu usiviamini. Kwa shangazi yangu cha moto kilikuwa kwenye fremu ya dhahabu, na mlango wa nyuma una kufuli, ufunguo yuko nao mlinzi, na mlinzi yuko langoni. Eti ni kwa sababu ya wanaotangatanga. Kutangatanga ni kweli, mmoja alikutwa steji akiuliza gari la Machakos. Lakini si ungeweka kengele mlangoni?

KitindaMimba: Nimerudi. Jana saa tatu usiku nilibisha kwa moja ya yale matatu. Walifungua bila maneno mengi. Ndani nikamkuta mhudumu anakula ugali uliopoa kwa mkono mmoja, wa pili amemshikia mzee kikombe cha uji. Akanitajia jina lake na la mwenzake wa zamu, waliobaki ni wazee kumi na mmoja. Chuma cha chooni nilivuta hadi bega likauma, hakikusogea. Karatasi ilikuwa na sahihi ya saa mbili, ya saa nne iko wazi. Mlango wa nyuma una komeo la ndani, hauna kufuli.

Jumamosi nampeleka mama ashinde huko mchana tu. Nimewaambia mapema kwamba ya tangawizi hanywi.