Mtoto wa maskini anatoboa kwa kusoma na kupambana tu? Dogo anataka kuacha shule, nimwambie nini

BintiAlizeti

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni mawazo maana kichwa kinaniuma kweli. Nina mdogo wangu wa kiume yupo kidato cha tatu, shule ya kata huko kwetu Singida, juzi mama kanipigia anasema dogo kagoma kwenda shule wiki ya pili sasa, anataka tumtafutie pikipiki ya mkataba apige bodaboda. Nikasema mpe simu niongee nae. Nikaanza yale maneno ya siku zote, soma mdogo wangu, elimu ndo ufunguo wa maisha, sisi hatuna ng'ombe wala shamba la maana, urithi wako ni daftari. Akaninyamazia weee, afu akaniuliza, "Dada, wewe umesoma mpaka chuo, umepata nini?"

Sikuwa na jibu wakuu. Nikamwambia nitakupigia, nikakata.

Mi nimeanza fomu wani 2011, enzi hizo ada ya kutwa elfu 20 kwa mwaka, watu wanaona hela ndogo ila kwetu ilikuwa ni kuku wanahesabiwa. Mama alikuwa anauza jogoo mnadani ndo naenda kulipa, bado mchango wa mlinzi, wa dawati, wa mtihani. Nilikuwa na sketi moja, nafua usiku naianika juu ya mafiga asubuhi naivaa ina unyevu na inanuka moshi. Nasomea koroboi mpaka ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Nikafaulu, nikaenda advansi, chuo nikapata mkopo wa bodi ya mikopo, 2020 nikamaliza digrii yangu, mama alilia siku ya mahafali, hakuwepo ila alilia kwenye simu.

Tangu hapo naomba ajira tu. Nimefanya usaili nimeacha kuhesabu. Saivi nakaa kwenye kibanda cha wakala wa miamala Mbagala, nalipwa laki na nusu, chumba elfu 40, nyumbani natuma elfu 30 mwezi ukienda vizuri, na deni la bodi lipo palepale. Dogo anayaona yote haya. Jirani yetu ana miaka 22, hajamaliza hata fomu tuu, ana pikipiki yake na kaezeka bati kwa mama yake.

Sasa nauliza kwa nia njema kabisa, tunawaambia watoto ukweli? Kusoma na kujituma vinatosha kumtoa mtu, au kuna kitu hatusemi?

Jogoo_la_Makambako

Dada pole sana. Mi niko upande wa pili, darasa la saba, 2007 nimeshuka Dar na begi la shangazi kaja na elfu 11 mfukoni, nikaanza kutembeza soksi na vitana Kariakoo. Leo nina duka, siyo kubwa ila nalipa kodi ya fremu na nina vijana wawili nawalipa. Kwahiyo watu wakinitazama wanasema ona huyu kapambana bila shule.

Ila ngoja nikwambie kitu ambacho siwaambiagi watu. Tulikuja vijana saba kutoka kwetu msimu ule. Wote tulikuwa tunaamka saa kumi usiku, hakuna mvivu hata mmoja. Wenye duka tupo wawili. Mmoja yupo bado anatembeza mpaka leo na magoti yameshakufa, mmoja alirudi kijijini anaumwa, mmoja tulimzika, wengine hata sijui. Tofauti yangu na wao haikuwa jasho. Mjomba wangu alikuwa mlinzi wa godauni, akaniacha nilale humo bure miaka mitatu. Miaka mitatu silipi chumba! Siku mzigo wangu wote ulipobebwa na mgambo wenzangu wawili walipoteza mtaji na chumba siku hiyohiyo, mimi nilipoteza mtaji tu, jioni nikaenda kulala godauni kama kawaida na kesho yake nikakopa dazani ya soksi nikaanza upya.

Na shule nimeikosa sana, nisiseme uongo. Mkataba wa mkopo wa kwanza niliosaini ulikuwa wa Kiingereza, niliwekewa kidole hapa saini, hapa saini, nikasaini. Nilichokuja kulipa Mungu ndo anajua. Mwanangu wa kwanza namsomesha kwa nguvu zote.

Pambana_Mwenyewe

Mi naona tunawalea sana vijana kwa visingizio. Umaskini siyo ugonjwa wa kurithi. Diamond katoka Tandale, kauza mitumba, leo yuko wapi? Hakuwa na mjomba wa godauni. Mtu ukiamua umeamua. Dogo mwambieni ukweli kwamba maisha ni vita, arudi darasani, avumilie, asiangalie jirani ana bati. Na wewe dada samahani lakini digrii unayo, ungefungua hata genge la matunda kuliko kulipwa laki na nusu.

MuuguziWaZamu

Pambana nakuheshimu ila Tandale ina watu maelfu kwa maelfu na mitumba imeuzwa pale na vijana wengi sana, tunamjua mmoja kwa sababu ni mmoja. Wale wengine nao waliamua, tena waliamua kila asubuhi.

Mi ni mfano wa kwamba shule inatoa mtu kwahiyo sipingi shule hata kidogo. Nimesoma shule ya kata Kilosa, mama ni mama ntilie, leo niko kazini serikalini, nina mshahara, nina bima, mama yangu akiumwa anatibiwa. Hilo peke yake kwangu ni kubwa kuliko gari. Ila nikwambie nilivyopita, nimepita kwenye tundu la sindano. Mwaka wa pili chuoni bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, lilichelewa, nikala mlo mmoja kwa siku karibu mwezi mzima, nikaingia kwenye mtihani naona herufi zinacheza, nikapata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Rafiki yangu wa chumba alikuwa na hali kama yangu, tena kichwani alinizidi, mimi nilikuwa namuuliza yeye. Akapata sapu tatu, wakati wa kurudia mtihani nyumbani kwao baba yake kaanguka, akaenda kumuuguza, akakosa mtihani, akadisko, yaani akaondolewa chuo. Basi ikaisha. Kwenye darasa lilelile kulikuwa na jamaa baba yake ana uwezo, naye alidisko, mwaka uliofuata yuko chuo kingine cha kulipia, leo ana kazi nzuri tu. Mtoto wa mwenye nacho akikosea anarudia mwaka, wa kwetu akikosea anarudi kwao. Hapo ndo pananiuma mpaka leo.

Na ukishapata hiyo ajira usidhani umefika. Bodi wanakata asilimia 15 ya mshahara kabla hujaugusa, wadogo zako wanne wote wanakuangalia wewe, msiba wewe, bati wewe. Miaka sita kazini sina hata kiwanja. Silalamiki, ndo maana nilisoma, ila mwenzangu tuliyeajiriwa siku moja ambaye kwao hawamdai kitu alishajenga. Juhudi sawa, mshahara sawa.

Kwahiyo dada ukiulizwa umepata nini, usione aibu. Huo usomi wako ndo unafanya mama asipunjwe hesabu mnadani na ndo umekufanya uwe na swali la kuuliza hapa.

Ticha_wa_Kata

Nimefundisha sekondari za kata miaka 14, hesabu na fizikia, naomba niongee kidogo kwa urefu maana hii mada inanigusa kila siku ya Mungu.

Elimu bila ada ipo tangu Januari 2016 mpaka kidato cha nne, na kuanzia 2022 wakaongeza tano na sita. Ni jambo kubwa na nimeona kwa macho yangu, madarasa yalifurika. Lakini kilichofutwa ni ada. Daftari haijafutwa, viatu havijafutwa, chakula cha mchana hakijafutwa. Mtoto anatoka kwao saa kumi na moja alfajiri, anatembea saa moja na nusu, hajanywa kitu, mchana wenzake waliochanga wanakula makande yeye anazunguka nyuma ya darasa anajifanya anasoma. Kipindi changu cha mwisho kipo saa nane. Mnataka nimwambie aongeze juhudi? Juhudi yake imeliwa njiani kabla hajafika kwenye kitabu.

Afu kuna lugha. Miaka saba amefundishwa kwa Kiswahili, anaingia fomu wani kila kitu Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili. Wa shule za michepuo ya Kiingereza hilo haliwagusi. Wangu anajua kabisa robo ya kumi ni ngapi, ila swali likija kwa Kiingereza anaganda. Naona kwenye macho kwamba anajua, na karatasi inarudi sifuri. Wenye umri wangu mnakumbuka matokeo ya fomu foo ya 2012, zaidi ya nusu ya watoto sifuri. Zaidi ya nusu! Hawakuwa wajinga wale.

Kwahiyo BintiAlizeti, mi nisingebishana nae kuhusu digrii yako. Kwa uzoefu wangu mtoto haachi shule kwa sababu kafikiria soko la ajira. Anaacha kwa sababu kuna kitu kinamdhalilisha pale kila siku. Muulize siku zipi anakosa, na somo gani akikaa haelewi. Muulize taratibu, asione unamkamata kosa. Na hiyo pikipiki ya mkataba mpigie hesabu, kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri mvua inyeshe jua liwake, leseni hana, akianguka mguu ukivunjika tajiri anachukua pikipiki yake anampa mwingine. Jirani yenu wa bati yupo kweli, ila kaulize wodi ya mifupa hospitali yoyote ya mkoa walioko pale.

Na kama kweli shule imemshinda, ufundi upo, vyuo vya ufundi vya VETA siyo jalala la waliofeli. Fundi umeme mzuri kwenye mji unaojengwa halali njaa. Ila aende kwa kuchagua, asiende kwa kukimbia.

Pambana_Mwenyewe

Ticha hapo kwenye makande umenigusa. Mi nilikuwa nakula, nakubali. Mama yangu alikuwa anapika shuleni kwetu.

Mwanaisha_wa_Kitui

Mimi niko Kenya na nimesoma hii yote nikiona kwetu tu. Elimu ya msingi ilikuwa bure 2003, mimi ni wa hiyo miaka, tulijaa darasani hadi tukakaa chini. Kwenda sekondari ndiyo ikawa kazi, karo haikuwa, kila muhula narudishwa nyumbani, mama anaenda kupiga foleni ya basari ya CDF, ule msaada wa karo wa mfuko wa jimbo. Nilikuwa nahesabu, fomu tatu nilikaa nyumbani karibu wiki kumi kwa mwaka mmoja, halafu mtihani ni uleule na wa wale hawajawahi kukosa hata siku moja. Nilipata C+ na wakasema sikutia bidii. Hiyo C+ mimi naijua vile ilitoka. Mwambie huyo kijana dada yake anaona bidii yake, hilo tu mimi ningetaka kuambiwa.

BintiAlizeti

Wakuu nimesoma zote, nyingine nimesoma huku nalia kibandani wateja wananishangaa. Asanteni mno. Narudi na mrejesho.

Nimefanya kama Ticha alivyosema. Nimempigia jana usiku, sikugusa habari ya bodaboda kabisa, nikamuuliza tu wiki yako ikoje. Kumbe kila Alhamisi haendi shule, ni siku ya mnada, mama miguu inamsumbua hawezi kubeba kuku na ndoo ya mafuta mwenyewe, kwahiyo anambebea mpaka mnadani na kukaa nae mpaka jioni. Hii ni tangu mwaka jana! Mama hakuwahi kuniambia. Na Alhamisi ndo kuna hesabu vipindi viwili mfululizo. Amekosa karibu kila mada tangu hapo, mwalimu akimsimamisha mbele hajui, wenzake wanamwita "Mnada". Nikamuuliza kwanini hukuniambia. Akasema, "Ungetuma hela zaidi, na wewe huna."

Nimekaa na hilo neno usiku kucha. Mi namhubiria juhudi, kumbe anabeba nyumba nzima mabegani.

Sasa nimeongea na binti wa jirani, nitamlipa elfu 3 kila Alhamisi ambebee mama mzigo, ni elfu 12 kwa mwezi, nitabana kwenye nauli, nitatembea kutoka kibandani. Dogo hajasema anarudi. Kasema Jumatatu ataenda "kuangalia". Na kuhusu mimi nimepata nini nimemwambia ukweli wote, mshahara wangu, deni langu, na kwamba nilipofika siyo nilipotaka ila sijuti kusoma. Alikaa kimya ila hakukata simu.

Jambo moja tu la mwisho, kuna mwenye kitabu cha hesabu cha fomu wani na fomu tuu ambacho hatumii? Anataka aanzie nyuma, na shuleni kwao kitabu kimoja wanagawana wanafunzi watano.

Ticha_wa_Kata

Cha fomu tuu ninacho, kimechanika jalada tu, kurasa zote zipo. Nitaandika na majibu ya mazoezi pembeni kwa Kiswahili. Nicheki inboksi.

Jogoo_la_Makambako

Hicho cha fomu wani nakinunua kesho hapahapa Kariakoo, na daftari kubwa sita za kozi. Jumamosi asubuhi nitakuwa stendi ya Magufuli napokea mzigo, nipe jina la basi la Singida mnalotumia, nitamkabidhi kondakta mkononi.

MuuguziWaZamu

Na miguu ya mama isiachwe hivihivi. Ina uvimbe au maumivu tu? Asubuhi au jioni? Niandikie.